Kila Mtu na Mafuta Yake

Kabla hujaniambia habari za biashara, chukua punje moja ya alizeti, iweke kati ya meno ya mbele, uume. Ikipasuka kwa mlio mkavu, mbegu iko tayari kwenda mashineni. Ikibonyea bila kusema kitu, irudishe juani siku mbili. Ikisambaratika kuwa unga, ujue imekauka kupita kiasi, na mafuta yake yatatoka na matope utakayoshinda unayachuja. Nimeuma punje kwa miaka thelathini na moja, gunia kwa gunia, mpaka jino langu moja la mbele limekuwa fupi kuliko mwenzake. Wenzangu wana vyeti ukutani. Mimi nina jino.

Jina langu ni Mwajuma, lakini hapa Utemini, na kote mbegu zinakotoka, naitwa Fundi Mwaja. Niliendesha mashine za kukamua alizeti mpaka magoti yalipokataa. Zamani mkulima akifika na mzigo wake aliniangalia mimi na kanga yangu kiunoni, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Anakuja, subiri kidogo." Naingia stoo, navaa ovaroli, natoka. "Nimefika. Shusha magunia." Wengine walicheka. Wengine walipakia magunia yao tena wakaenda kwingine, na msimu uliofuata walirudi wenyewe, maana mafuta hayajui nani kavaa kanga.

Sasa nimestaafu na simu yangu haipumziki. Mnaonipigia ni nyie vijana wa hapa mliokwenda kusoma nje, Uturuki, India, China, na mmemaliza chuo, na hamtaki kurudi kwanza. Mnataka kubaki hukohuko mfungue biashara. Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia nimefanya kazi na mhitimu wa kigeni. "Bibi, wageni wanafanikiwaje?" Nawajibu kwamba sijui habari za Uturuki. Najua habari za Singida, na msisahau kwamba Singida nayo ni ughaibuni kwa mtu. Huyo mtu alikuwa Chiku, na nitawaeleza alivyokaribia kufunga begi, na mimi nilivyokuwa na mkono katika jambo hilo. Lakini nianze na ujinga wangu mwenyewe, ili msidhani nimezaliwa fundi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gwau, Mungu amrehemu. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kelele za mota, kwa hiyo mashine aliisikiliza kwa kiganja. Anaweka mkono kwenye ubavu wa chuma, anafumba macho, anasema, "Inakula vibaya," na kweli ukifungua unakuta jiwe. Alinifundisha mambo mawili kabla ya mengine yote. La kwanza, kanga haiji karibu na mkanda wa mashine. La pili, usizime mashine ikiwa na mbegu tumboni. Acha imalize, iteme mashudu yote, ndipo uzime. Mashudu ni yale makapi yanayobaki, wanayokula ng'ombe. Yakipoa ndani ya mashine yanakuwa tofali.

Wiki yangu ya tatu, niko peke yangu, mashine inakula vizuri, nikamwona mama mkwe wangu anapita barabarani na kikapu chake. Nyie mnajua kwetu ilivyo. Mama mkwe apite, mkwe yupo, asitoke kumwamkia? Tena mama mkwe yule, ambaye alikuwa bado hajaamua kama mwanawe ameoa vizuri? Na kumpungia mkono kwa mbali huku mashine inanguruma ni matusi. Nikazima. Nikatoka, nikampa shikamoo ya kupiga magoti, akanipa marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za jirani aliyevunjika mguu. Niliporudi mashine ilikuwa imeshiba na imelala. Niliwasha, mota ikalia, parafujo ya ndani, ile inayosukuma mbegu, haikusogea hata kidogo.

Mzee Gwau alikuja, akaweka kiganja, akacheka kidogo. Hakunigombeza. Alinipa patasi na nyundo na spana, akavuta ndoo akaikalia, akasema, "Fungua." Siku nzima nilibomoa mashudu yaliyoganda, na kila kipande nilichokitoa alikitaja jina na kazi yake, na mimi nikarudia. Jioni niliijua ile mashine kuliko nilivyomjua mume wangu. Na mama mkwe alisimulia mtaa mzima kwamba mkwe wake ana heshima mpaka anazima mitambo, kwa hiyo nilipata faida mbili.

Sasa Chiku. Jina lake kamili ni Chikondi, Mmalawi, na wazee wa hapa walilifupisha ndani ya siku mbili bila kumwomba ruhusa. Alisoma mambo ya vyakula katika chuo kikuu hapa nchini, na akiwa mwanafunzi aliletwa Singida kwa mafunzo ya vitendo. Alipohitimu, wenzake wa kwao walirudi nyumbani, mmoja akaenda Ulaya. Yeye akarudi Singida na mashine ya kukamua, si mpya lakini nzima, akakodi banda Utemini, akaja nyumbani kwangu kuniomba nimwendeshee.

"Kwenu alizeti hakuna?" nikamuuliza.

"Ipo, mama. Lakini hapa ndipo nilipowakuta watu wanabishana kuhusu ladha ya mafuta kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Nikasema, mahali watu wanajali hivi, ndipo pa kufanyia kazi."

Jibu hilo lilinipendeza, na sikumwonyesha. Kilichonipendeza zaidi ni salamu yake. Kwao nako mtoto wa kike huamkia wakubwa kwa kupiga goti, kwa hiyo alipofika mlangoni alishuka chini kabisa, mikono miwili pamoja, kisha ndipo akatoa shikamoo. Nilifikiri, huyu akikaa vizuri, wazee watamlea.

Lakini hakuwa na muda mwingi. Kibali chake cha kukaa kilitegemea biashara iwe hai. Na baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amempa msimu mmoja tu. Alimwambia: ukishindwa, nakuja mwenyewe kukuchukua, na utafundisha hisabati katika shule ya hapa kijijini. Chiku aliniambia hilo akicheka, lakini jicho halikucheka. Mtoto yule alitaka kubaki. Aliyataka maisha haya, yenye upepo wa mwezi wa saba unaokupasua midomo na vumbi la mashudu linaloingia mpaka kwenye chai.

Msimu ukafunguka. Siku ya kwanza tu, mbele ya wateja, nikiwa nimeinama kwenye gunia na punje mdomoni, Chiku akatoa kifaa chenye kioo kidogo akakichomeka kwenye mbegu. "Hiki kinapima unyevu, mama. Sasa utapumzisha meno." Watu wakacheka. Yeye hakuwa na nia mbaya hata chembe. Mimi niliumia. Miaka yote ile, halafu jino langu linastaafishwa na kitu cha betri. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu, mume wangu marehemu angewaambia, si kitu kizuri.

Ndipo akanieleza mpango wake. Kwenye mashine nyingine za mjini, kila mkulima anasubiri zamu mbegu zake zikamuliwe peke yake, anaweza kukaa kutwa nzima. Yeye alikuwa amepiga hesabu. Tutapokea mbegu za wote, tutazipima uzito na unyevu, tutazipa daraja, tutazichanganya, tutakamua mfululizo, mashine haipoi. Mkulima akifika tunampimia, tunamfungulia bomba la tangi, anapewa lita zake zilezile ambazo mbegu zake zingetoa, anaondoka kabla punda wake hajamaliza kunywa maji. Hakuna anayepunjwa. Alinionyesha ubaoni, na kwa kweli hakuna aliyepunjwa.

Nilijua haitakwenda. Nilijua kama ninavyojua mashine imeshiba. Ningeweza kusema neno moja. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile mkuu mwenyewe nilifunga mdomo. Nikajisemea, ngoja kifaa chake kimwambie.

Wiki moja ilikwenda vizuri, watu wakifurahia kutokusubiri. Ya pili, asubuhi, akaja Mzee Njoghomi wa Mwankoko na mkokoteni wake wa punda. Siku tatu nyuma alikuwa ameleta magunia manne akapewa mafuta yake palepale. Sasa alikuwa anayarudisha. Alishusha dumu, akaliweka mlangoni, akasimama pembeni yake.

"Shikamoo, mzee," Chiku akapiga goti.

"Marahaba. Haya mafuta ni ya nani?"

"Ni yako, mzee. Magunia manne, daraja la kwanza. Lita ni zilezile."

"Sijauliza lita. Nimeuliza ni ya nani."

Chiku akaniangalia. Nikajifanya nakaza nati.

"Siku ile niliyoleta mimi," Mzee Njoghomi akaendelea, taratibu, "Idi wa ng'ambo ya korongo naye alileta?"

"Alileta, mzee."

"Basi ndiyo hayo. Mimi na Idi tumegombania mpaka wa shamba miaka minane. Tumekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tumekwenda baraza la kata. Hata msibani hatujakaa mkeka mmoja. Nyie mmetukutanisha kwenye dumu. Mke wangu amepika mboga, nimekaa naiangalia, najiuliza namla Idi au najila mwenyewe."

Akapanda mkokoteni akaondoka, na dumu likabaki mlangoni. Wateja waliokuwepo walicheka mpaka wakajishika mbavu. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alianza kufikiria Idi wake ni nani.

Nyie mliokaa mjini mkanunua mafuta ya chupa dukani mtaona hili ni jambo dogo. Sikilizeni. Mtu wa hapa amelima shamba lake, ameshinda anafukuza ndege tangu vichwa vya alizeti vinapoinama, amevuna, amepiga, amepepeta. Mafuta yale ndiyo anayompelekea mama mkwe, ndiyo anayomfungia mtoto anayekwenda shule ya bweni. Anapoyatoa anataka kusema, haya nimelima mimi. Udongo mwekundu una mafuta yake na mbuga nyeusi ina yake, na kina mama wa hapa watakwambia tofauti wakiwa wamefumba macho. Labda wanadanganyika, labda hawadanganyiki. Ila huwezi kumpa mtu jasho la mwenzake ukamwambia lina uzito uleule.

Kufika Ijumaa yalikuwa yamerudi madumu tisa. Wiki iliyofuata hakuna aliyefika. Mikokoteni ilipita mbele ya banda letu, punda wakitaka kukata kona kwa mazoea, wenyewe wakiwavuta kuelekea mashine nyingine. Mota ilipoa. Sijawahi kusikia banda la mashine likiwa kimya katikati ya msimu, na nilipolisikia sikufurahi kama nilivyotegemea. Chiku alikuwa amekaa chini ya ubao wake wa hesabu, ameshika simu.

"Nimezungumza na baba," akasema. "Nimemwambia watu wamenikataa. Amesema anashughulikia safari." Kisha akauliza, "Mama, hesabu yangu imekosea wapi?"

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Nilimwambia ukweli. "Hesabu haijakosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nilijua watu watakataa, sikukwambia. Nilikasirika kwa ajili ya kile kidude chako."

Nilitegemea anifukuze, na angekuwa na haki. Akasema, "Ulikasirika kwa ajili ya kipimo?"

"Kwa ajili ya jino."

Akacheka, huku analia, na mimi nikafanya hivyohivyo. Vijana, mimi ni mtu wa majivuno, sijifichi, na najivuna mpaka leo kwa mambo mengi. Lakini siku ile niliona aibu mbele ya mtoto ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia ukweli katika mji mzima. Mkienda nchi za watu, mtakutana na mtu kama mimi, anayejua na ananyamaza. Mtafuteni mapema, mpeni heshima yake, mumuulize kabla hajanuna.

Kesho yake tukaenda Mwankoko, mimi na yeye. Mzee Njoghomi alikuwa uani anatia mpini kwenye jembe. Chiku akapiga goti palepale vumbini na hakuinuka.

"Inuka, mwanangu, kula kwanza," mzee akasema, kwa sababu kwake hata mgomvi hula kwanza. Mkewe akaleta ugali na mlenda. Nikamwonea Chiku huruma, maana nimeona wageni wengi wakihangaika na mlenda unavyovutika. Chiku akanawa, akamega, akauzungusha kidoleni, akaukata kwa mkono kama mtoto wa Kinyaturu. "Hata kwetu upo," akasema. Mama mwenye nyumba akamwongezea bila kuulizwa.

Baada ya kunawa, Chiku akaomba msamaha, akaeleza kwamba hakutaka kumpunja mtu.

"Najua hukunipunja," Mzee Njoghomi akasema. "Ndiyo maana nilishindwa cha kufanya. Ungeniibia ningekwenda kwa mwenyekiti. Sasa nitamwambia nini mwenyekiti, nimepewa lita kamili? Mimi, mbegu zangu nataka nizione zikiingia, niyaone mafuta yakitoka. Nikae hapo. Hata kutwa nzima. Nani amekwambia nina haraka?"

Njiani Chiku alikuwa anafikiri kwa sauti. Tatizo la kukamua mmoja mmoja, alisema, ni kwamba mafuta ya aliyetangulia yanabaki ndani ya mashine, kwa hiyo hata kule kwingine wanachanganyiwa kidogo bila kujua. Na mashine ikisubiri inapoa. Ndipo nikamfundisha kitu cha Mzee Gwau ambacho sikuwa nimemfundisha mtu: kuosha koo. Mbegu za mmoja zinapokaribia kwisha, unamwaga debe la anayefuata juu yake bila kuzima. Yanayotoka katikati hapo, ya wote wawili, unayakinga kwenye ndoo ya pembeni. Hiyo ni ndoo ya koo, inabaki kwa mashine kama sehemu ya malipo yake, kila mtu anajua. Kisha unaweka dumu safi, na sasa yanayotoka ni ya mwenyewe.

"Debe zima?" akauliza.

"Debe zima. Ndivyo nilivyofundishwa."

Kesho yake alijaribu, kwa mbegu nyeusi na mbegu zenye mistari, akiangalia rangi ya mashudu inavyobadilika. Akakuta mashine ikiwa ya moto, nusu debe inatosha. Miaka thelathini nilikuwa nawakatia wakulima nusu debe zaidi bila kujua. Nikakubali, ingawa si siku hiyohiyo. Na tulishindana, jino na kipimo, kwa magunia kumi. Tulilingana kwa tisa. La kumi mimi nilisema limekauka, kipimo kikasema bado, na kweli katikati ya gunia palikuwa na unyevu kwa sababu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Tangu hapo nilianza kuuma punje za katikati ya gunia pia. Hata jino hujifunza.

Mengine aliyaongeza yeye, na hapo ndipo mnapoona faida ya shule. Aliweka benchi mbele ya mashine, mwenye mbegu akae atazame. Akapanga watu wa mtaa mmoja waje siku moja, akiwatumia ujumbe kwa simu, ili foleni isikatike na mashine isipoe. Watu wa Misigiri, ambao wanatoka mbali, akawapa asubuhi. Akanunua mapipa madogo ya kutulizia mafuta, kila pipa likaandikwa kwa chaki jina la mwenyewe. Mzee Njoghomi alipangiwa Jumanne, na Idi Ijumaa. Chiku alipotaka kuchanganya, alinunua mbegu zake mwenyewe kwa ajili ya chupa za dukani, na za wakulima haziguswi.

Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Wa kwanza kurudi alikuwa Mzee Njoghomi mwenyewe. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Mafuta yake yalipoanza kushuka alichovya kidole, akaonja, akaitikia kwa kichwa. Jumanne iliyofuata alikuja na majirani sita. Baada ya hapo benchi moja halikutosha.

Katikati ya foleni hiyo ndipo baba yake Chiku alipofika. Simu ya ile wiki mbaya ndiyo iliyomleta. Chiku alikuwa amempigia tena kumwambia mambo yamebadilika, lakini mwalimu mkuu akishaanza safari hageuki njiani. Alishuka bajaji akiwa na koti zito na begi dogo, mtu mrefu, mkimya, macho ya kusahihisha madaftari. Kiswahili hakujua. Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye majina ya spana. Chiku akapiga goti, akamsalimia kwa lugha yao, akamkalisha kwenye benchi, karibu na Mzee Njoghomi, kwa sababu ilikuwa Jumanne na ndipo palipokuwa na nafasi.

Yule baba akatazama mashine, akatazama watu, akatazama mikono ya binti yake iliyojaa mafuta. Akasema maneno. Chiku akageuka kwetu, sauti yake ndogo.

"Baba anasema anashukuru mlivyonipokea. Anasema ameambiwa watu wa hapa walinikataa, na amekuja kunichukua. Anauliza kama nilikuwa mgeni mwema kwenu."

Mimi nilitaka kujibu. Mzee Njoghomi akaniwahi, akamgeukia yule baba, mzee kwa mzee.

"Mgeni gani?" akasema. "Mwambie baba yako, mimi mgeni simrudishii dumu. Mgeni akinipa mafuta mabaya nakula, nashukuru, namsindikiza mpaka stendi, natabasamu, nikirudi nayamwaga. Sisemi kitu. Wewe nilikuja nikakugombeza mbele za watu. Kwetu hapa hatugombezi wageni. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Chiku alitafsiri. Yule baba alikaa, mikono juu ya magoti, akatazama mashine ikimaliza gunia zima la Mzee Njoghomi na kuanza jingine. Mimi niliosha koo, nikabadilisha dumu.

Kisha akasimama, akafunga koti lake, akauliza jambo. Nililisikia neno moja tu nililolijua: Mbeya. Basi la Mbeya, njia ya kwao. Nikasema moyoni, basi, tumeshindwa.

"Anauliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi kesho," Chiku akasema. Akafuta uso kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na mafuta. "Anataka tiketi moja."

Nikageukia mashine, nikaweka kiganja ubavuni mwake kana kwamba nasikiliza, ili Jumanne ile mtu yeyote asiuone uso wangu.